Kabla Hujachemsha: Jinsi ya Kujua Maji Yako Yana Nini, Kutoka Ploti ya Embakasi Mpaka Bonde la Mui

Nimeishi miaka saba kwa ploti moja hapa Embakasi tukinywa maji ya boholi, na kila usiku kabla ya kulala naweka sufuria kubwa kwa gesi, nachemsha mpaka yatokote vizuri, nafunika, asubuhi naweka kwa mtungi wa kunywa. Nilikuwa na uhakika nimemaliza kazi. Halafu kitinda mimba wangu akafika miaka minane, meno ya utoto yakang'oka, yakaota ya ukubwani, na yale mawili ya mbele juu yakatoka na mistari ya kahawia kama chai imemwagikia karatasi. Nikadhani ni peremende, nikamgombeza, nikanunua mswaki mpya. Daktari wa meno alimshika kidevu tu akamgeuzia kwa mwanga wa dirisha akaniuliza, "Mama, nyinyi mnakunywa maji ya boholi?"

Floraidi. Ni madini yanayoyeyuka kwa maji, na yakizidi yanatia madoa meno ya mtoto yakiwa bado yanajengwa. Iko kwa mawe ya volkano yaliyolala chini ya Nairobi, boholi nyingi za hapa zinaitoa kupita kiwango, na moto hauiondoi. Moto unaizidisha hata, kwa sababu maji yanapungua kwa mvuke na floraidi yote inabaki pale pale kwa sufuria. Miaka saba nikichoma gesi nikidhani namlinda mtoto.

Sasa mbona naandika haya leo. Kwetu ni upande wa Mwingi, karibu na bonde la Mui kule Kitui, lile lenye makaa ya mawe (sio haya makaa ya jiko tunayonunua kwa debe, ni ule mwamba mweusi unaochimbwa chini). Serikali iligawa bonde lile vipande vinne, A, B, C na D, na habari ya kuchimba inakuja inapoa inarudi tena. Juzi kwa grupu ya familia binamu akauliza, wakianza kuchimba maji yetu itakuwaje? Mjomba akajibu haraka sana, "Tutachemsha kama kawaida." Nikakaa na simu mkononi, siwezi kumjibu mjomba vibaya, lakini ile ndio sentensi iliyoniharibia meno ya mtoto. Kwa hivyo mjomba, hii nimeandika kwa heshima, ni ndefu, na wengine walio Pipeline, Kayole, Rongai, Ruai, popote mnapokunywa maji ya chini ya ardhi, inawahusu pia.

HATUA YA KWANZA: TENGANISHA UCHAFU WA AINA MBILI

Kuna uchafu wenye uhai na uchafu usio na uhai. Wenye uhai ni vijidudu, vinatoka kwa mavi, hakuna njia nzuri ya kusema, choo, sewa iliyopasuka, mifugo. Kipindupindu, taifodi, kuhara. Hivi vinakufa, kwa moto, kwa klorini, kwa jua kali.

Usio na uhai ni madini na kemikali: floraidi, chuma, manganizi, aseniki, risasi (lead, sio ya bunduki), naitreti, salfeti, dawa za viwandani. Hizi haziuliwi kwa sababu hazijawahi kuwa hai. Unaweza kuchemsha kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa.

Makaa ya mawe yanaleta hasa hii aina ya pili, na njia yake ni hivi. Ndani ya ule mwamba kuna madini yanaitwa pairaiti, ni chuma na salfa pamoja, na yakiwa chini gizani bila hewa hayana shida na mtu. Ukichimba ukayatoa juu, hewa ikayapata, mvua ikanyesha, yanageuka kuwa asidi ya salfa, kitu kile kile kilicho ndani ya betri ya gari, ingawa imechanganyika na maji mengi. Ile asidi sasa inapita kwa mawe mengine ikiyeyusha chuma, manganizi, alumini, wakati mwingine aseniki, na kubeba yote mpaka mtoni na kisimani. Na mgodi ukifungwa haisimami, inaendelea miaka na miaka mwenye mgodi akiwa ashaenda.

Halafu kuna kuosha. Makaa ya mawe mara nyingi yanaoshwa kabla ya kuuzwa, na ile takataka ya kuoshea, matope meusi yenye kemikali, inawekwa kwa bwawa. Oktoba 2000 kule Martin County, Kentucky, Marekani, bwawa kama hilo lilipasuka chini, matope zaidi ya lita bilioni moja yakateremka kwa vijito vya watu.

Na kuna hii ya Charleston, West Virginia, nataka mjomba aisome mara mbili. Tarehe 9 Januari 2014 tenki la kemikali ya kuoshea makaa ya mawe lilivuja likaingia mto Elk, juu kidogo tu ya pale kampuni ya maji inapovutia. Watu kama laki tatu wakaambiwa wasinywe, wasipike, wasioge, wasifue, maji ya bomba yabaki ya kuflashi choo na kuzima moto. Hakuna aliyeambiwa achemshe. Nchi tajiri, mabomba mazuri, mtambo wa kusafisha upo, na watu wakapanga foleni na ndoo kama sisi tu.

HATUA YA PILI: JUA MAJI YAKO YANATOKA WAPI, KWA UHAKIKA

Usikubali jibu la "ni ya kanjo". Uliza keateka, fuata paipu kwa macho. Hapa Nairobi kwa ploti moja unaweza kupata maji ya aina tatu kwa bomba moja: maji ya mji, ambayo mengi yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a na kusafishwa Ng'ethu, halafu boholi ya landlodi siku ya mgao, halafu lori la maji likileta kutoka kwa boholi ya mtu mwingine usiyemjua. Yote yanaingia tenki moja juu ya paa. Sasa ukipima siku ya maji ya mji utaambiwa uko sawa, na kesho unakunywa kitu kingine kabisa.

Andika: siku gani maji ya mji yanakuja, siku gani ni boholi, boholi ina kina cha mita ngapi (huku mara nyingi ni mia mbili na zaidi), lori la maji linachota wapi. Dereva wa lori ukimuuliza kwa upole atakwambia, mimi wa kwetu aliniambia bila shida, ni sisi tu hatukuwa tumeuliza.

Kwa wale wa mashambani kama kwetu, orodha ni nyingine, kisima cha mchangani kwa mto uliokauka, bwawa la mchanga, pampu ya mkono, maji ya paa. Kila moja ni maji tofauti, yaandikeni moja moja.

HATUA YA TATU: MACHO, PUA, NA CHUPA YA KIOO

Hii haina gharama. Chukua chupa safi ya kioo, ile ya jemu inatosha, jaza maji yakitoka tu bombani au kisimani, weka dirishani juu ya karatasi nyeupe, angalia sasa hivi, angalia baada ya saa moja, angalia kesho asubuhi.

Yakitoka meupe safi halafu baada ya saa moja yakaanza kuwa ya rangi ya chungwa, na kesho kuna unga wa rangi hiyo chini, hicho ni chuma kilichokuwa kimeyeyuka na sasa kimekutana na hewa. Yakitoka mekundu tangu mwanzo bombani, mara nyingi ni kutu ya paipu ya zamani. Madoa meusi kwa sinki na nguo nyeupe, fikiria manganizi. Harufu ya yai bovu ni gesi ya salfa. Sabuni haitoi povu, maji ni magumu, yanaudhi lakini hayaui. Utelezi wa rangi ya chungwa unaofunika mawe ya kijito karibu na mgodi, ule ndio alama ya maji ya mgodi yenye asidi, na huwa samaki na wadudu wa maji wametoweka kabla mtu hajaanza kuumwa. Wazee wetu wanajua kijito chao, wakisema siku hizi vyura hawalii, andika tarehe.

Lakini msinisome vibaya hapa. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Aseniki vile vile. Maji yetu yalikuwa mazuri kwa macho kuliko ya bomba, matamu hata, wageni wakisifu. Macho yanakwambia kuna shida, hayakwambii hakuna.

HATUA YA NNE: META NDOGO NA DAFTARI

Kuna kameta kadogo kama kalamu, wanakiita TDS meta, kinauzwa kwa maduka ya vifaa vya maji hapa mjini na mtandaoni. Unakitumbukiza, kinakupa namba ya chumvi zote zilizoyeyuka kwa maji. Hakijui ni chumvi gani, hakioni vijidudu, hakioni aseniki. Kuna wauzaji wa filta wanaokuja nyumbani na hiki kidude wakikitumbukiza kwa maji yako na kushtuka mbele yako, namba ikiwa mia tatu wanasema ni sumu. Sio sumu. Maji ya mia tatu ya madini ya kawaida ni mazuri, na maji ya mia yenye kinyesi ndani ni mabaya sana.

Kazi yake halisi ni kuonyesha mabadiliko. Pima maji yale yale, saa zile zile, kila wiki, uandike. Maji ya boholi yetu yanacheza kwa namba moja karibu mwezi mzima, halafu siku moja yanaruka, najua lori limeleta maji mengine. Ongeza karatasi za kupima pH (namba ya asidi, ikishuka asidi inazidi), zile zinazobadilika rangi, ni za bei ndogo. Maji ya kawaida yanakaa kati ya 6.5 na 8.5. Yakianza kushuka wiki hadi wiki mahali penye mgodi, hiyo ni habari kubwa.

Daftari liwe la karatasi. Simu inaibiwa kwa matatu.

HATUA YA TANO: MAABARA, NA NAMNA YA KUCHUKUA SAMPULI BILA KUIHARIBU

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Wanapeleka maji kwa chupa ya soda iliyooshwa, majibu yanarudi na vijidudu, kumbe ni vya chupa.

Nairobi tuna bahati, maabara ziko: KEBS, shirika la viwango, iko Popo Road, South C, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko kwa eneo la hospitali ya Kenyatta, kuna maabara za mamlaka za maji na za kampuni binafsi. Piga simu kwanza uulize mambo manne: bei ya kila kipimo, chupa wanatoa wenyewe ama unanunua, siku gani wanapokea sampuli, na majibu yanachukua siku ngapi. Usiseme "nataka kupima maji". Sema vipimo kwa majina, la sivyo utauziwa kifurushi ambacho hakina kile unachotafuta. Mara ya kwanza mimi nililipia kifurushi kizima na floraidi haikuwemo, nikarudi tena.

Kwa Nairobi, maji ya boholi, omba: E. coli (kijidudu kinachoonyesha kinyesi kimeingia), floraidi, naitreti, pH, chuma, manganizi, aseniki, na risasi kama jengo ni la zamani. Kwa eneo la makaa ya mawe ongeza salfeti, alumini, seleniamu na ile namba ya kupitisha umeme (conductivity). Salfeti usikubali iachwe. Kuna mahali mawe yana chokaa, ile chokaa inapoza asidi, kwa hivyo pH inaonekana nzuri tu na watu wanaambiwa hakuna shida, lakini salfeti inabaki ndani ya maji ikiwa juu, ndio inayokwambia mgodi umefika.

Sasa kuchukua. Kwa vijidudu, tumia chupa iliyotoka maabara, imeshachemshwa kwa mashine na ina dawa kidogo ndani ya kuzima klorini, kwa hivyo USIISUUZE. Toa kichujio cha mdomo wa bomba, futa mdomo kwa spiriti, fungulia maji dakika mbili tatu yakimwagika kwa ndoo (usiyapoteze, ya kufulia hayo), fungua chupa bila kugusa ndani ya kifuniko, jaza ubakize nafasi kidogo juu, funga. Weka kwa kulboksi yenye barafu. Ifike maabara ndani ya saa sita, ikishindikana kabisa isipite siku moja. Kwa hivyo chukua asubuhi ya siku ya kazi, sio Ijumaa jioni.

Kwa kemikali, chupa safi ya plastiki ya lita moja au mbili, hii sasa unaisuuza mara tatu na maji yale yale kisha unajaza mpaka juu. Chupa ya kupimia metali, maabara inaweza kukupa ikiwa na tone la asidi ndani, hiyo usisuuze na usiimwage. Floraidi isiwekwe kwa kioo. Na ukitafuta risasi ya mabomba, chukua maji ya kwanza kabisa alfajiri kabla mtu yeyote hajafungulia bomba, kwa sababu yamelala ndani ya paipu usiku kucha.

Kila chupa iandikwe kwa maka isiyofutika: tarehe, saa, mahali, bomba gani, mvua ilinyesha lini, nani alichukua. Piga picha chupa ikiwa pale kisimani.

HATUA YA SITA: KUSOMA MAJIBU

Ripoti ina safu mbili, ya kwako na ya kiwango, linganisha. Viwango vya Shirika la Afya Duniani unavyoweza kushika kichwani ni hivi: E. coli sifuri kwa mililita 100, floraidi miligramu 1.5 kwa lita, naitreti 50, aseniki 0.01, risasi 0.01. Chuma ikipita 0.3 inachafua nguo na ladha, sio hatari kubwa yenyewe lakini inakwambia kuna kitu kinayeyuka. Ya kwetu ilirudi floraidi mara mbili ya kiwango na E. coli sifuri, yaani kwa maji yale ya boholi hata kule kuchemsha kila usiku kulikuwa hakuna kazi.

Angalia tarehe na muhuri. Na ukipewa ripoti na muuza maji au landlodi, angalia sampuli ilichukuliwa wapi, kuna ripoti nzuri sana inayoning'inia kwa vibanda vitatu tofauti.

HATUA YA SABA: DAWA KULINGANA NA UCHAFU

Vijidudu: chemsha. Yakishatokota kabisa, dakika moja inatosha Nairobi. Ukiwa juu ya mita 2,000, kama Limuru, fanya dakika tatu kwa sababu maji huko yanatokota kabla hayajawa moto vizuri. Hakuna haja ya nusu saa, ni gesi unachoma. Ama weka klorini, ile ya WaterGuard, fuata kipimo kwa chupa, koroga, ngoja nusu saa. Maji ya matope yaachie yatulie kwanza au tumia shabu, uchuje na kitambaa, kwa sababu klorini inamalizwa na matope kabla haijafika kwa vijidudu. Gesi ikiisha kabisa, chupa ya plastiki angavu juu ya mabati, jua kali saa sita, kukiwa na mawingu siku mbili.

Na siku ya mgao, maji ya kwanza yakirudi usiyachote ya kunywa. Paipu ikiwa tupu haina presha ya kusukuma nje, inanyonya, na kama imepita kwa mtaro wa sewa basi imenyonya sewa. Hiyo ndio mwaka juzi ililaza ploti nzima yetu, na mtaro uko pale pale mpaka leo.

Floraidi: kuchemsha hapana, klorini hapana, filta ya mshumaa wa udongo hapana, filta ya mkaa wa kawaida hapana. Inayofanya kazi ni mashine ya RO (reverse osmosis, inasukuma maji yapite kwa utando mwembamba sana unaozuia madini), ama filta ya mkaa wa mifupa, ile wanaitumia sana upande wa Nakuru. RO ni ghali na inamwaga maji mengi, kinga yale yanayomwagwa uyatumie chooni. Kama pesa haipo, fanya ninavyofanya mimi: mitungi miwili yenye vifuniko vya rangi tofauti. Wa bluu ni wa kunywa, wa chai, wa uji, wa ugali, maji ya mji au ya mvua peke yake. Mwekundu ni wa boholi, wa kuoga na kufua. Na kama hayatoshi unachanganya, floraidi ya 3 ukiichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua inakuwa 1.5, hesabu ya kawaida. Wenye watoto chini ya miaka minane ndio wajibane zaidi, meno yao bado yanajengwa ndani ya fizi, ukishaona doa umeshachelewa.

Naitreti: mtoto wa chini ya miezi sita asitengenezewe maziwa na maji hayo, na kuchemsha kunazidisha. Nyonyesha kama unaweza, ama tafuta maji mengine.

Metali na asidi za mgodi: RO inaondoa nyingi, lakini kusema ukweli huwezi kumwambia mtu wa Mui anunue RO na hana hata stima. Hapo jibu ni kubadilisha chanzo, na anayepaswa kukugharamia ni yule aliyeharibu. Ndio tunafika hatua ya mwisho.

HATUA YA NANE: MNAOISHI PENYE MAKAA YA MAWE, PIMENI KABLA

Kabla ya tingatinga la kwanza. Hili nalisema kwa herufi zote. Kisima kikiharibika baada ya mgodi kufunguliwa, swali la kwanza mtaulizwa ni "mnajuaje hakikuwa hivyo zamani?" Na ni kweli Ukambani kuna visima vya chumvi, kuna vya chuma, vya tangu babu. Kama huna karatasi ya kabla, unabaki na kilio chako tu. Chimbo likianza bila vipimo vya kabla, vipimo vitakavyokuwepo ni vya kampuni peke yake.

Pimeni mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi maji yakiwa machache na baada ya mvua. Sio kila kisima, hamtaweza kulipa. Chagueni vitatu au vinne, kimoja juu ya bonde, kimoja pale palipotajwa kuchimbwa, viwili chini maji yanakoelekea. Pimeni na kina, kamba yenye jiwe inatosha, kwa sababu mgodi hauharibu maji tu, unayakausha pia, wanapopiga baruti na kupampu maji kutoka shimoni, visima vya jirani vinashuka. Mtu mmoja asiye na chama awe mshika daftari. Nakala moja ikae kijijini, moja Nairobi.

Ripoti ya mazingira ya mradi ikitolewa kwa maoni ya umma kupitia NEMA, mamlaka ya mazingira, muende moja kwa moja kwa sehemu ya maji. Ulizeni: walipima visima gani, lini, vipo kwa ramani? Maji ya kuoshea makaa yataenda wapi? Nani atalinda shimo likifungwa, na pesa hiyo imewekwa wapi leo? Waandike majibu. Ukinyimwa taarifa, kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuomba kwa barua, ofisi ya umma ina siku 21 kukujibu, ikinyamaza peleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko juu ya ofisi za serikali. Bakisha nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 43 ndicho cha maji safi na salama, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini juu ya mazingira bila kungoja mtu aumie kwanza.

Na korti zinasikia vipimo. Owino Uhuru kule Mombasa watu waliumizwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, wakapimwa damu, wakashikilia zile karatasi miaka mingi, na mwaka 2020 korti ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaipindua, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Carolina, mji mdogo Mpumalanga, Afrika Kusini, Januari 2012 mvua kubwa ilisukuma maji ya asidi ya migodi ya makaa ya mawe mpaka bwawa la mji, bomba zikawa hazinyweki miezi. Wakaenda kortini, na Julai mwaka ule ule manispaa ikaamriwa ilete maji salama ndani ya saa 72.

Kwa hivyo mjomba, mimi nakuja kabla ya mvua za Novemba. Nitafika Jumapili na kulboksi, chupa nane na spiriti, unipeleke kile kisima cha mchangani cha nyanya yangu na pale pampu ya shule, tuchote Jumatatu kabla jua halijatoka, binamu apige picha. Saa kumi na mbili niwe kwa gari la Nairobi, barafu haingoji.